Barua kwa mwanangu: kuapa tarehe 26 Januari

Mwanangu Neema,

Sauti uliyonitumia Jumapili nimeisikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa na bibi yako chini ya mparachichi. Unasema umekubaliwa uraia wa Australia, na halmashauri ya huko Melbourne imekupangia kuapa tarehe 26 Januari, sikukuu yao ya taifa wanayoiita Australia Day. Ulipomwambia yule dada mnayeingia naye zamu za usiku, ambaye ni mwenyeji wa asili, alikukumbatia, akakupongeza, halafu akasema siku hiyo yeye hasherehekei, atakuwa kwenye maandamano. Ukaniuliza: "Mama, nikiapa siku hiyo nitakuwa nimewakosea?"

Kwanza nikuambie, habari ya uraia imeniuma. Sisi uraia pacha hatuna, kwa hiyo siku utakayoapa huko ndiyo siku utakayoacha kuwa Mtanzania kwenye makaratasi. Nimelia, nimemaliza. Sasa tuongee.

Siku zote nilidhani hiyo ni siku yao ya uhuru, kama 9 Desemba yetu. Kumbe hata siyo siku nchi yao ilipozaliwa, maana makoloni sita yaliungana kuwa nchi moja tarehe 1 Januari 1901. Tarehe 26 Januari 1788 ni siku nahodha Mwingereza Arthur Phillip alipopandisha bendera ya Uingereza pale Sydney Cove, na msafara wake wa meli 11 uliobeba wafungwa, juu ya ardhi ya Wagadigal, wenyeji wa asili wa pale. Mwaka uliofuata ndui ikawafyeka wenyeji wa pale. Sheria nayo ikahesabu kwamba ardhi ile haikuwa na mwenyewe, na hesabu hiyo ilisimama hadi Juni 1992, Mahakama Kuu ilipoitupa katika kesi ya Eddie Mabo, mwenyeji aliyedai ardhi ya kwao. Mabo mwenyewe alikuwa amefariki Januari mwaka huohuo. Hakuisikia hukumu.

Hapo kwenye "haikuwa na mwenyewe" bibi yako alininyoshea mkono nikae kimya.

Kisa cha Ngare Nanyuki unakijua, lakini nadhani hujawahi kukisikia chote. Mimi mwenyewe juzi nimesikia kipande kipya. Ilikuwa Novemba 1951, bibi ana miaka tisa. Serikali ya Kiingereza ilikuwa imeamua eneo lile wapewe walowezi wafuge, na Wameru wahamie Kingori, kwenye joto na mbu. Askari walikuja na malori. Mama yake alikuwa ametoka kukamua, maziwa yako ndani ya kibuyu, kibuyu kimening'inia kwenye nguzo karibu na mlango. Wakaambiwa watoe vyombo. Walitoa ngozi za kulalia, vyungu, majembe, na kuku wawili. Kibuyu wakakisahau. Bibi alikikumbuka akiwa tayari juu ya lori, akalia ashushwe, na nyumba ilikuwa imeshawashwa. Miaka yote hii ninamjua mama yangu hanywi maziwa ya mgando, na sikuwahi kumwuliza kwa nini.

Kirilo Japhet aliipeleka kesi yetu Umoja wa Mataifa kule New York mwaka 1952, akisaidiwa na wakili Earle Seaton. Alisikilizwa. Ardhi hakurudi nayo.

Nikamwuliza bibi: kama wangeigeuza ile siku ya malori kuwa sikukuu, watoto wapange mistari na bendera, ungefanyaje? Akasema, "Ningekwenda kulima."

Kwetu sikukuu za mkoloni zilikufa bila mjadala. Tarehe 24 Mei, siku aliyozaliwa Malkia Victoria, watoto wa shule kwenye makoloni ya Mwingereza walisimamishwa uwanjani waiimbie Dola. Bendera ya Uingereza iliposhuka 1961, nani aliyehitaji kubembelezwa kuiacha? Tulikuwa wengi, na serikali ilikuwa imeshakuwa yetu. Wenyeji wa asili huko ni kama watu watatu au wanne katika kila mia. Mwenye nchi analazimika kumbembeleza mgeni, na mgeni anaweza kusema hapana. Ndivyo ilivyokuwa Oktoba 2023, walipoomba wawe na chombo cha kulishauri bunge, wapiga kura sita katika kila kumi wakakataa.

Na wakikuambia tarehe hiyo ni mila ya kale isiguswe, wakumbushe kwamba majimbo yote yalianza kupumzika kwa pamoja tarehe hiyohiyo mwaka 1994 tu. Wewe ulikuwa umeanza kutembea.

Lakini jambo ambalo halijaniacha tangu nilisome ni la mwaka 1938, ilipotimia miaka 150. Waliandaa igizo la kutua kwa Phillip. Wenyeji wa Sydney walikataa kuigiza. Basi wakaletwa wanaume kutoka Menindee, mbali huko magharibi, wakalazwa kwenye mabanda ya farasi ya polisi pale Redfern, na siku yenyewe wakaamriwa wakimbie ufukweni mbele ya wazungu waliovaa kama askari wa 1788. Mimi nimepanga watoto wa halaiki miaka 20 na zaidi, najua mtoto anayecheza kwa furaha na anayecheza kwa fimbo. Sijui hao wanaume walikimbiaje.

Siku hiyohiyo, katika ukumbi wa Australian Hall, William Cooper, Jack Patten, William Ferguson na wenzao kama mia hivi walikutana wakaiita Siku ya Maombolezo. Walichodai ni haki kamili za uraia. Hebu lione hilo, mwanangu. Hicho unachokwenda kukabidhiwa wewe kwenye sherehe, pengine pamoja na mche wa kupanda na soda, wao walikusanyika kukiomba tarehe hiyohiyo, ndani ya nchi yao.

Usidhani wenyeji wote wana kauli moja. Seneta Jacinta Nampijinpa Price ni mwenyeji na anaitetea tarehe hiyo. Wapo wanaotaka ihamishwe, wapo wanaotaka ifutwe kabisa, na wapo wanaoona kuhamisha tarehe ni kubadilisha kalenda na kuacha magereza na mashamba vilevile. Mimi niko karibu na hao wa mwisho. Hata hivyo, maiti ikiwa bado ukumbini huwezi kupiga ngoma kwa hoja kwamba kunyamaza hakutamfufua.

Jibu langu basi. Kuapa si kuwakosea. Nimekisoma hicho kiapo: hakimtaji mfalme, unaahidi utii kwa Australia na watu wake. Huyo mwenzako ni katika hao watu, tena wa kwanza. Ila omba siku nyingine. Tangu Desemba 2022 serikali imeziruhusu halmashauri kufanya sherehe siku tatu kabla au baada ya tarehe 26, na kwa kawaida wewe una miezi 12 tangu kukubaliwa. Piga simu, sema kwa adabu, huna haja ya kuhutubia mtu. Wakikukatalia, nenda ukaape, usijitese, kisha vua hereni uende ulipo msafara wa mwenzako, usimame nyuma. Usishike bango kabla hujapewa.

Bibi anakusalimu sana. Anauliza hapo unapolala panaitwaje kwa lugha ya wenyewe. Nimemwambia nimesoma kwamba upande huo wa Melbourne ni wa Wawurundjeri na Wabunurong, akasema hajauliza kabila, ameuliza jina la mahali. Muulize mwenzako mkikutana zamu, unitumie kwa sauti ili bibi asikie linavyotamkwa.

Mama yako