Ngalawa: asili yake na namna ya kuihifadhi

Ngalawa inatofautianaje na mtumbwi?

Vyote viwili huchongwa kwa tezo kutoka gogo moja, mara nyingi la mwembe, lakini ngalawa huongezewa mirengu, yaani miti inayokingama juu yake, na matengo, yaani mbao zilizo kwenye ncha za miti hiyo, ambazo hugusa maji kila upande na kukizuia chombo chembamba kisipinduke kinapobeba tanga.

Je, ni kweli kwamba ilitoka Indonesia?

Watafiti wengi wanaihusisha na huko, kwa kuwa vyombo vyenye matengo pande mbili vimeenea Indonesia na Ufilipino, na wasemaji wa lugha za visiwa hivyo walivuka Bahari ya Hindi wakaweka makazi Madagaska katika milenia ya kwanza. Hata hivyo, tanga lake la pembetatu ni lilelile la majahazi yetu, na mafundi wa Pwani wanastahili heshima kamili kwa kuunganisha mambo haya katika chombo kimoja.

Nimerithi ngalawa ya marehemu babu. Niitunzeje?

Usiiache juani, kwa sababu gogo likikauka ghafla hupasuka. Iweke chini ya banda la makuti, ikiwa imeinuliwa juu ya magogo ili mchwa wasiifikie. Nyufa zitiwe kalafati ya pamba iliyolowekwa mafuta, na ubavu upakwe sifa, yaani mafuta ya papa. Nakusihi usipigilie bati juu ya ufa, kwani unyevu hubaki ndani na kuozesha mti. Ikiwa bado inavua, mwombe fundi aiunguze kidogo chini kwa makuti makavu ili kuua minyoo inayotoboa mbao, kisha aipake shahamu iliyochanganywa na chokaa.

Kwa nini zisipelekwe tu makumbusho?

Makumbusho yanasaidia, lakini hayatoshi. Mtepe, chombo cha kale cha Pwani ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, ulitoweka katika karne ya 20, na mfano wake ulipojengwa mwaka 2003 kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, Unguja, hapakuwa na mtepe uliobaki wa kuigwa. Tena sehemu ya jengo hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Mafundi wa ngalawa bado tunao. Kinachohitajika zaidi ni kupanda miembe ya kuchongwa na vizazi vijavyo, na kuwalipa mafundi hao wafundishe vijana, huku kila hatua ya uchongaji ikipigwa picha na kuandikiwa vipimo.