Jibu: Busia hadi Namugongo kwa miguu mkiwa na wazee

Dada, umeuliza kama kikundi cha jumuiya yenu, chenye akina mama wawili waliopita miaka 60, kinaweza kutoka Busia mpakani kwa miguu na kufika Namugongo, karibu na Kampala, kabla ya sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni, au hao akina mama wapande gari mkutane mbele. Njia hiyo nimeitembea na wenzangu wa parokia yetu huku Kenya zaidi ya mara moja. Mtafika. Na akina mama msiwapandishe gari, wawekeni mbele.

Nasema mbele kabisa, hatua chache nyuma ya mbeba msalaba. Vijana wakishika mwendo wanakwenda mbio, kisha wanakaa chini kusubiri. Mama anapowafikia akihema, wao wameshapumzika, wanasema haya twende. Siku nzima hajakaa hata kidogo. Hicho ndicho kinachowamaliza wazee, wala si umri. Mbele, mama akichoka wote wanasimama, na hakuna anayeona aibu. Nyuma naye akae mtu mzima mwenye tochi na kizibao cha kung'aa, asimpite yeyote, hata kama mtu amesimama kufunga kamba za kiatu. Hiyo ni barabara ya malori ya mizigo, kwa hiyo tembeeni upande wa kulia, mkiyatazama yanayokuja.

Safari yote ni karibu kilomita 200. Kwa kilomita 25 kwa siku ni siku nane, ongezeni moja ya kupumzika Jinja. Anzeni saa kumi alfajiri, na jua likiwa kali muwe mmeshafika mnapolala. Parokia za njiani andikieni mapema, wengi watawapa darasa au ukumbi. Mvua za Mei bado zipo, kila mtu awe na karatasi ya nailoni ya kufunikia mzigo.

Kuhusu miguu: viatu viwe vile mguu umeshavizoea, soksi zibadilishwe mchana, mafuta ya mgando yapakwe kati ya vidole kabla ya kuondoka. Jioni moja Iganga kijana wetu mwenye mbio kuliko wote alivua viatu, visigino vyote viwili vimejaa malengelenge. Aliyemhudumia ni bibi wa miaka 67. Alipitisha sindano kwenye moto wa mshumaa, akatoboa pembeni, akakamua maji kwa pamba polepole, akaiacha ngozi ya juu ilivyo. "Ukiichuna hii, kesho hutembei," akamwambia. Kesho yake kijana alitembea karibu naye bila kuambiwa na mtu.

Hapo Iganga mko katika eneo la Busoga, na ningependa katekista wenu awasimulie habari za Gonzaga Gonza, mmoja wa mashahidi hao, kwa sababu alikuwa mtu wa huko. Mwaka 1886 Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alipowahukumu wale vijana Wakristo pale Munyonyo, walitembezwa hadi Namugongo wakiwa wamefungwa. Gonzaga minyororo ilimuumiza miguu mpaka akashindwa kuendelea, wakamchoma mkuki njiani. Karoli Lwanga, kiongozi wao, na wengine walifika, wakachomwa moto tarehe 3 Juni. Sisi tulisimulia habari hiyo tukiwa tumesimama kando ya barabara, na tangu hapo sikusikia tena mtu akinung'unika kwamba wazee wanatuchelewesha.

Baada ya kuvuka Nile mtaingia msitu wa Mabira. Kivuli chake ni neema, ila pitieni mchana na mkiwa pamoja, na vyakula vikae ndani ya mifuko maana nyani wapo barabarani. Pale Najjembe kuna kuku wa kuchoma na gonja, yaani ndizi za kuchoma, tengeni pesa kidogo kwa ajili hiyo. Lugazi hadi Mukono ni vilima, nendeni polepole.

Wakenya mnavuka kwa kitambulisho cha taifa. Fikeni Namugongo tarehe 1, kwa sababu tarehe 2 umati ni mkubwa mno. Chagueni mapema mahali pa kukutana nje ya geti, maana simu zinaweza zisishike humo ndani. Na gari la kurudi lipieni kabla hamjaondoka nyumbani. Jioni ya tarehe 3 kila mtu anatafuta kiti, na akina mama hao hawatakuwa na nguvu za kugombania mlango wa basi.