Kuhusu kufundisha vinyume vya Kiingereza

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kwa nini wanafunzi wako huchanganya "full" na "empty" ilhali uliwafundisha maneno hayo katika kipindi kimoja. Naamini hicho kipindi kimoja ndicho chanzo, kwani maneno mawili mageni yenye maana zinazohusiana hivyo, hata kama ni vinyume, hugongana kwa urahisi akilini mwa mtoto. Anza na "full" peke yake, mtoto ajaze chupa maji huku akilitamka. "Empty" lifuate siku kadhaa baadaye, chupa ileile ikimiminwa hadi tone la mwisho. Tahadhari pia na "old", ambalo kinyume chake ni "young" kwa mtu mzee lakini "new" kwa kitabu kikuukuu, hivyo lifundishe ndani ya sentensi.