Mteja Akinyamaza, Ujue Kuna Kitu Anakihofia

Nauza mashuka kwa simu, na mzigo wangu nauchukua Kariakoo. Kila nikipitia statasi za wafanyabiashara wenzangu roho inaniuma: bidhaa nzuri, maneno yaleyale. "Mzigo mpya umeingia, bei inboksi." Au, "Niungisheni jamani." Anayekuungisha kwa huruma atanunua leo, basi. Wa kurudi ni yule uliyemwondolea shida yake.

Kwa hiyo kabla hujaandika tangazo, jiulize mteja wako anahofia nini. Wa mashuka anahofia rangi itachuja, shuka litachomoka usiku na, kubwa kuliko yote, anahofia kutapeliwa. Badala ya "shuka kali," andika: "Mashuka 2 ya pamba na foronya 4, kitanda cha 6 kwa 6. Yanakaa vizuri kwenye godoro la inchi 10, hayachomoki. 45,000. Kwa Dar unalipa mzigo ukiwa mkononi." Mwenye godoro nene, aliyechoka kutandika upya kila asubuhi, hapo lazima asimame asome.

Mimi kila mzigo mpya ukiingia nafua shuka moja, nalianika juani, kisha nalipiga picha kando ya lile ambalo halijaguswa na maji. Picha hiyo inauza kuliko maneno yangu yote. Rangi ikichuja, nasema imechuja na bei naishusha. Kumshawishi mtu kwa uongo ni wizi, hata kama maneno ni matamu.

Sasa bei. Wengi wanaificha wakidhani mteja ataikimbia. Asiye na hela ataondoka hata huko inboksi, na mwenye nayo anaondoka pia kwa sababu hana muda wa kuuliza. Kinachotakiwa ni wewe mwenyewe kuamini kwamba mali yako ina thamani hiyo. Kupatana bei ni kawaida yetu, sawa, lakini ukisikia "punguza" usishuke papo hapo kwa woga. Mweleze kwanza anapata nini kwa hela hiyo. Na mwisho wako uujue mapema: hela ya kununulia, nauli, mfuko, bando, makato ya kutuma pesa. Chini ya hapo mwambie hapana kwa upole.

Mteja wa Mbeya au Mwanza ana hofu zaidi kwa sababu analipa kwanza. Huyo namtumia picha za risiti za mizigo niliyokwisha kuwatumia wengine, majina na namba zao nimezifunika. Akilipa, napeleka mzigo wake stendi ya Magufuli, Mbezi, na kabla basi halijaondoka anakuwa na picha ya risiti, namba ya gari na namba ya wakala atakakopokelea.

Akikwambia "nitakutafuta," usikate tamaa wala usinune. Andika kwenye daftari: saizi ya kitanda, rangi aliyoipenda, mshahara wake unatoka lini. Wiki ya mishahara mwandikie, "Dada, lile la bluu la 5 kwa 6 limebaki moja, nikuwekee?" Useme limebaki moja kama kweli limebaki moja. Akikataa, mshukuru, kisha mwache apumzike mpaka upate mzigo unaomfaa.