Vipele vya Ndevu: Kwa Nini Kunyoa Hadi Ngozini Kunadhuru

Swali

Shikamoo daktari. Mimi ni kijana wa miaka 24 na ninahudumia wageni mezani katika hoteli moja hapa Malindi. Kazini tunatakiwa tuwe tumenyoa ndevu kila asubuhi. Ninatumia kinyoleo chenye nyembe tatu. Kwanza ninanyoa kwa kushuka, kisha ninaivuta ngozi na kurudia kwa kupanda ili kidevu kiwe laini kabisa. Tangu nianze kazi hii, shingo na chini ya taya vimejaa vipele vigumu vinavyowasha, vingine vina usaha, na vikipona huacha madoa meusi. Nimepaka spiriti, nimepaka shabu, na nimetumia krimu niliyouziwa dukani, ambayo ilinisaidia kwa muda kisha hali ikawa mbaya kuliko mwanzo. Wenzangu wanasema ni uchafu wa wembe. Je, haya ni maradhi gani, na nitawezaje kuendelea kunyoa bila kudhurika? Mke wangu naye ana shida kama hiyo makwapani.

Msomaji, Maweni, Malindi

Jibu

Marahaba, mwanangu. Kwa maelezo uliyoyatoa, haya ni maradhi ya vipele vya ndevu, na wenzako wamekosea: hata ungetumia wembe mpya kila siku na kuuchemsha kabla ya kuutumia, vipele hivi vingetoka. Chanzo chake ni udevu wenyewe unapokatwa karibu mno na ngozi, nao ukawa ni wa kujipinda. Ndiyo sababu tatizo hili huwapata zaidi watu wenye asili ya Kiafrika, na huonekana mno pale ambapo kunyoa ni sharti la kazi. Jeshi la Marekani, kwa mfano, kwa miongo mingi limelazimika kutoa ruhusa za kitabibu kwa askari wenye vipele vya namna hii, wengi wao wakiwa weusi, kwa kuwa dawa iliyo kubwa kuliko zote ilikuwa ni kuuweka wembe kando.

Mambo hutokea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwamba udevu uliokatwa kwa wembe hubaki na ncha kali ya mshazari, na kwa kuwa umejipinda mfano wa ndoana, unapokua huinama na kuichoma ngozi iliyo jirani, ukaingia ndani yake. Ya pili ni kwamba udevu uliokatwa chini ya usawa wa ngozi hautoki nje kabisa, bali hutoboa ukuta wa kitundu chake ukiwa bado ndani. Kwa vyovyote vile, mwili huuona udevu huo kuwa ni mgeni aliyeingia bila ruhusa, na huupiga vita kama unavyoupiga vita mwiba. Ndipo inapotokea ile nundu ngumu, mwasho, na wakati mwingine usaha. Usaha huo mara nyingi hautokani na vijidudu, ingawa vijidudu huweza kuingia baadaye, hasa mtu anapojikuna kwa kucha.

Kinyoleo chako kinaichochea njia hiyo ya pili. Mwaka 1971 kampuni ya Gillette ilianza kuuza kinyoleo cha Trac II, chenye nyembe mbili zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, na tangu hapo nyembe zimekuwa zikiongezwa hadi kufikia tano na hata zaidi. Faida inayotangazwa ni hii: wembe wa kwanza huuvuta udevu kidogo kutoka katika kitundu chake huku ukiukata, na kabla haujarudi ndani wembe unaofuata huukata tena, kisha kisiki kilichobaki huzama chini ya ngozi. Kwa mtu mwenye ndevu zilizonyooka huo ni ulaini wa kupendeza. Kwako wewe ni kuupanda mwiba kila asubuhi, na ukiongeza hapo kuivuta ngozi na kunyoa kwa kupinga mlalo wa ndevu, umefanya mambo matatu yanayoelekea pahali pamoja. Kwa hiyo shabaha yako ibadilike: usitafute kidevu kilicho laini unapokipapasa, tafuta kidevu kinachoonekana nadhifu kwa mtu aliyesimama mbele yako, na tofauti ya vitu hivyo viwili ni kama milimita moja ya udevu.

Kabla ya kuanza mtindo mpya, ngozi iliyokwisha kuumia inahitaji kupumzishwa. Acha kunyoa kwa muda wa wiki nne hivi. Ndevu hukua kwa karibu milimita 0.4 kwa siku, na zinapofikia urefu wa sentimita moja nyingi hujichomoa zenyewe kwa nguvu ya kujikunjua kwake. Nakutahadharisha kwamba katika wiki ya kwanza, na pengine ya pili, hali inaweza kuonekana kuwa mbaya zaidi, kwa sababu ndevu zilizokwisha kukatwa bado zinaendelea kuingia ngozini. Watu wengi hukata tamaa hapo na kurudia wembe. Kila siku unapooga, sugua eneo hilo taratibu kwa kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu, ukienda kwa mizunguko midogo. Ukiuona udevu uliotengeneza kitanzi juu ya ngozi, uinue kwa ncha ya sindano iliyosafishwa kwa spiriti mpaka ncha yake iwe huru, kisha uache hapo hapo. Usiung'oe kwa kibano, kwa maana utakaoota badala yake unaweza kuanza kujichoma ukiwa bado chini.

Najua meneja wako hatafurahia wiki nne za ndevu. Nenda katika kituo cha afya uonwe, na uombe barua inayoeleza kwamba una maradhi ya ngozi yanayosababishwa na kunyoa na kwamba unaruhusiwa kubaki na ndevu fupi zilizotengenezwa vizuri. Kwa uzoefu wangu, waajiri wengi huikubali barua ya namna hiyo, kwa sababu shingo yenye vipele vya usaha haimpendezi mgeni wa hoteli kuliko ndevu za milimita chache.

Baada ya mapumziko hayo, kifaa kinachokufaa zaidi ni mashine ya umeme ya kinyozi, ile ya meno, ikiwekwa isikate chini ya milimita moja. Hiyo ni sawa na ndevu za siku mbili au tatu, na ukichonga mstari wa shavuni na wa shingoni ukawa safi, hakuna atakayesema hukunyoa. Ipitishe mashine juu juu, usiikandamize na usiivute ngozi. Ikiwa ni lazima utumie wembe, basi uwe mmoja tu na mpya, nao upite mara moja kwa kufuata mlalo wa ndevu. Mlalo huo ujue kwanza: papasa shingo kwa vidole, upande ambao vidole vinateleza ndio mlalo, na ujue kwamba shingoni ndevu mara nyingi hulala kwa pande mbili au tatu tofauti, hivyo desturi ya kushuka tu haimfai kila mtu.

Maji nayo yana sehemu yake, na hapa kwetu yanastahili neno. Nyumba nyingi za Malindi hutumia maji ya kisima yenye chumvichumvi siku ambazo bomba la Baricho halitoi, na katika maji hayo sabuni haitoi povu vizuri, kwa hiyo wembe hukwaruza. Hifadhi maji ya bomba au ya mvua kwa ajili ya uso. Osha kwa maji ya moto kiasi, paka krimu ya kunyolea au sabuni laini yenye glisirini, na uiache kwa dakika tano hivi, kwa sababu udevu uliolowa huwa laini na hukatika bila kuvutwa. Suuza wembe kila baada ya mikupuo michache. Mimi huwashauri watu wa kazi kama yako wanyoe jioni badala ya alfajiri, ili ngozi ipate usiku mzima wa kutulia kabla ya kukutana na jasho na kola ya shati, hasa miezi ya kaskazi.

Ukimaliza, weka kitambaa cha maji baridi kwa dakika chache, kisha paka losheni isiyo na manukato. Spiriti huchoma na kuikausha ngozi iliyokwanguliwa, wala haiutoi udevu uliokwama, iache. Shabu ni jambo jingine: hukaza ngozi na kuzuia damu ya mikwaruzo midogo, na wazee wetu hawakukosea kuitumia kwa kazi hiyo, lakini haizuii kipele kutoka, na jiwe moja la shabu lisizunguke katika nyuso za watu wengi.

Sasa ile krimu ya dukani. Maelezo yako, kwamba ilisaidia kisha hali ikarudi kwa kishindo, yananifanya nishuku ilikuwa mojawapo ya zile krimu za mchanganyiko zenye betamethasoni au klobetasoli pamoja na dawa ya fangasi na antibiotiki. Steroidi kali kama hizo, yaani dawa za kuzima uvimbe na mwasho, hutuliza haraka, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa mtu huendelea kuipaka kwa miezi usoni mpaka ngozi ikawa nyembamba, ikatoa chunusi na mishipa midogo ya damu, na fangasi ikajificha chini yake. Soma kasha lake. Ukiyaona majina hayo, usiitumie tena usoni bila kuonwa na tabibu. Steroidi hafifu, haidrokotisoni ya asilimia 1, inaweza kutumika kwa siku chache pale mwasho unapozidi, na si zaidi ya hapo.

Dawa ambazo zina nafasi ya kweli ni chache. Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 hadi 5 husaidia vipele vya usaha, ila hufifisha rangi ya taulo na mashati, kwa hiyo iache ikauke kabla ya kuvaa sare ya kazi. Adapalini ya asilimia 0.1, ikipakwa kidogo usiku, huzuia ngozi kufunika vitundu vya ndevu. Huanza kwa kuwasha na kukausha, basi itumie usiku mmoja na kuruka mmoja, na usiipake usiku ule ulionyoa. Losheni ya asidi ya glaikoliki nayo hulegeza tabaka la juu la ngozi na huwafaa baadhi ya watu. Chagua moja uanze nayo, usizipake zote kwa pamoja. Klindamaisini ya kupaka ni ya kuandikiwa, pale vijidudu vinaposhukiwa.

Ipo pia poda ya kuondolea nywele, yenye bariamu salfaidi, inayonuka mfano wa yai viza. Huuyeyusha udevu na kuuacha na ncha butu badala ya ncha kali, jambo lililo zuri kwa ugonjwa huu, lakini ikizidi dakika zilizoandikwa kwenye kasha huunguza. Ijaribu kwanza kwenye mkono siku mbili kabla, usiitumie mara nyingi kuliko kila siku ya nne, wala usiitumie juu ya ngozi iliyochubuka. Leza, yaani mwanga mkali unaoelekezwa kwenye mizizi ya ndevu, ndiyo njia inayokaribia kulimaliza tatizo, kwa sababu hupunguza ndevu zenyewe. Kwa ngozi nyeusi inayofaa ni ile yenye mawimbi ya mwanga ya nanomita 1064, kwani zenye mawimbi mafupi zaidi hunaswa na weusi wa ngozi na huweza kuiunguza. Gharama yake ni kubwa, nami siipendekezi kabla hujaijaribu hiyo milimita moja kwa miezi mitatu.

Madoa meusi yatafifia yenyewe vipele vikikoma, ingawa huchukua miezi. Jikinge na jua, na usishawishike na krimu za kung'arisha ngozi.

Ukienda kwa kinyozi, kwa mstari wa shingoni dai wembe mpya utolewe mbele ya macho yako, na meno ya mashine yasafishwe kwa brashi kisha yatiwe dawa ya kuua vijidudu. Kile kisanduku chenye taa ya buluu hakitoshi, kwa sababu mwanga wake haufiki penye nywele na uchafu uliokwama. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Mwambie pia asikunyoe kisogo hadi ngozini, maana vipele vya kisogoni kwa baadhi ya watu hugeuka makovu makubwa magumu ambayo hayana tiba nyepesi.

Muone tabibu mapema ukipata homa, uvimbe wa moto unaopanuka, mabaka ya mviringo yenye magamba ambamo ndevu hung'oka kwa urahisi, jambo linaloashiria fangasi, au vipele vinavyoanza kukua na kuwa makovu. Mwenye kisukari asingoje dalili hizo.

Kuhusu mke wako, ugonjwa ni ule ule, kwa kuwa nywele za kwapa na za sehemu za siri nazo hujipinda, na nguo za kubana pamoja na joto la pwani huongeza msuguano. Apunguze nywele kwa mkasi au mashine yake mwenyewe badala ya wembe. Akitumia wembe, kanuni za mlalo na za mkupuo mmoja ni hizo hizo. Kuzing'oa kwa sukari na ndimu, kama wafanyavyo baadhi ya wanawake, hakumkingi, kwa kuwa unywele mpya unaweza kukwama unapotoka. Hana haja ya kunyoa kila wiki: mafundisho ya dini yanayofuatwa na wengi wetu hapa pwani yanataka nywele hizo zisiachwe zaidi ya siku arubaini, na ngozi hunufaika na nafasi hiyo. Kama kupunguza kunatosha mahali pa kunyoa, hilo aliulize kwa masheikh. Deodoranti asiipake siku aliyonyoa, na ikiwa ni mjamzito au anatarajia kushika mimba, asiiguse adapalini yako.