Modeli ipo, jedwali halipo

Ndugu yangu, umeeleza kwamba umeandika modeli za Mvuvi na Mzigo katika Django, mfumo wa Python wa kutengenezea tovuti, kwa ajili ya daftari la mizani pale mwaloni Kirumba, lakini hifadhidata yako ya PostgreSQL inajibu kwamba jedwali halipo. Kwa kuwa anayejibu ni PostgreSQL yenyewe, mipangilio yako ya DATABASES, inayounganisha Django na hifadhidata, inafanya kazi, hivyo usiiguse. Modeli ni maelezo ya jedwali tu; jedwali lenyewe huundwa pale unapoendesha makemigrations, inayoandika faili la mabadiliko, kisha migrate, inayoyapeleka kwenye hifadhidata. Ikiwa amri ya kwanza itakujibu kwamba hakuna mabadiliko, tazama kama folda ya migrations imo, na isipokuwamo, taja jina la programu yako ndogo (app) mwishoni mwa amri hiyo, nayo itaundwa.

Nimeona pia kwamba ForeignKey inayounganisha Mzigo na Mvuvi umeiwekea CASCADE, yaani kufuta kwa mfululizo, jambo ambalo mimi nisingethubutu kulifanya, kwa sababu siku karani atakapomfuta mvuvi aliyehamia Ukerewe, kumbukumbu zote za sangara wake zitafutika pamoja naye. Tumia PROTECT, ambayo hukataa kumfuta mvuvi mwenye mizigo. Kilo na bei (wachuuzi wetu hubishania hata robo kilo) ziandike kwa DecimalField badala ya FloatField, ambayo hukadiria desimali.