Ngozi inageukaje kuwa seli ya ubongo, na kwa nini hatuirudishi kichwani kwa mgonjwa?

Swali: Asalaam aleikum. Mama yangu ana miaka 74 na huu ni mwaka wa tatu anasahau. Alianza kwa kupotea njia ya sokoni aliyoipita maisha yake yote. Sasa ananiita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki. Hospitali wamesema ni ugonjwa wa Alzheimer. Mwanangu anasoma sayansi kidato cha sita, na ameniambia siku hizi wataalamu wanachukua ngozi ya mgonjwa na kuigeuza kuwa seli za ubongo. Ngozi inageukaje kuwa ubongo? Na kama wanaweza kuzitengeneza hizo seli, kwa nini wasimrudishie mama zile alizopoteza? Nauliza kwa sababu kuna mtu ametuletea habari za kliniki moja nje ya nchi inayochoma sindano za seli shina kwa wagonjwa kama yeye, na kaka zangu wameanza kutafuta mnunuzi wa kiwanja. (Msomaji, Tanga)

Jibu: Waaleikum salaam, dada. Kwanza mfikishie mama shikamoo yangu. Pili, waambie kaka zako wasiuze kiwanja. Sababu nitazieleza, ila hilo nimelitanguliza kwa kuwa kiwanja kikishauzwa hakirudi.

Mwanao amesema kweli, na ndiyo kazi ninayoifanya kila siku. Karibu kila seli ya mwili wako imebeba vinasaba vyote, vya ngozi, vya ini na vya ubongo. Seli ya ngozi haikuzitupa jeni za ubongo, imezifunga tu. Kwa miaka mingi iliaminika kuwa zikishafungwa hazifunguki tena. John Gurdon wa Uingereza alitia shaka jambo hilo mapema, mwaka 1962, alipochukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakiweka ndani ya yai la chura, na akapata kiluwiluwi kingine. Ila kwa binadamu njia haikuonekana mpaka alipokuja Shinya Yamanaka wa Kyoto, Japani. Yeye alianza na jeni 24 alizozishuku, akawa anaondoa moja baada ya nyingine na kuangalia ni ipi ikikosekana kazi inakwama. Zikabaki 4. Mwaka 2006 aliziingiza kwenye seli za ngozi ya panya, na mwaka 2007 kwenye ngozi ya binadamu, nazo zikarudi kuwa seli shina: seli ambazo bado hazijachagua kazi na zinaweza kuwa chochote, moyo, figo au ubongo. Yeye na Gurdon walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2012.

Nisimame kidogo hapa kwa sababu najua swali hili huulizwa sana misikitini na makanisani. Seli shina za kwanza za binadamu za aina hii, zilizooteshwa Wisconsin mwaka 1998, zilitoka kwenye viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa na kuanza kukua, na watu wengi wa dini walizikataa. Za Yamanaka hazihitaji kiinitete. Zinatoka kwa mtu mzima aliyekubali mwenyewe kutoa kipande cha ngozi cha milimita chache, au damu kidogo tu.

Maabara kazi inakwenda hivi. Baada ya jeni zile kuingizwa, hukai siku mbili ukaona kitu. Ni wiki tatu au nne za kungoja. Kisha asubuhi moja unaweka kisahani chini ya hadubini na unaona, katikati ya seli za ngozi zilizotapakaa ovyo, kisiwa kidogo cha seli zilizobanana, ukingo wake umekatika vizuri kama wa sarafu. Hicho ndicho unachokitafuta. Unakitoa kwa uangalifu, unakihamishia kwenye kisahani kipya, unakitunza kwenye kabati la joto la nyuzi 37. Seli shina zinataka kulishwa karibu kila siku. Maji yao ya chakula yana rangi ya waridi, na ukichelewa yanageuka manjano kwa asidi wanayoitoa. Hazijui Ijumaa wala Idi. Zaidi ya mara moja nimetoka kuswali Idi nikapitia maabara kwanza, ndipo nikaenda nyumbani kula pilau na wenzangu.

Kuzifanya ziwe seli za neva, tunaiga ishara ambazo mwili wenyewe hutoa mtoto anapokua tumboni: tunazuia ishara fulani, tunaongeza nyingine, kwa wiki nyingi. Tangu mwaka 2013 kuna njia ya mkato, ya kuwasha jeni moja tu iitwayo neurogenin 2, na ndani ya wiki mbili hivi una seli za neva. Siku za mwanzo seli inatoa kijinywele kimoja, kisha kingine, vinatambaa kutafuta jirani. Zikishakomaa zinapelekeana umeme zenyewe, bila mtu kuziamuru. Hizo ni seli za neva zenye vinasaba vya mgonjwa yuleyule, na fuvu lake halikuguswa.

Faida yake ndiyo hiyo. Daktari Alois Alzheimer alipoueleza ugonjwa huu mwaka 1906, alikuwa anaangalia ubongo wa mgonjwa aliyekwisha kufa. Akaona utando wa protini nje ya seli, ambao leo tunauita amiloidi, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli, ambazo leo tunajua ni protini ya tau. Tangu siku hiyo tumekuwa kama watu wanaofika msibani na kuuliza marehemu alianza kuumwa lini na wapi. Ubongo wa mtu aliye hai haukatwi kipande ili kuangaliwa tu. Panya nao hawapati Alzheimer wenyewe. Hupewa jeni za binadamu ili waugue, na dawa nyingi zilizowaponya panya hao zilishindwa kwa watu. Kwa seli shina tunaweza kuuona ugonjwa ukianza.

Nitakupa mfano mmoja ninaoupenda. Kwa muda mrefu wataalamu wamebishana: kati ya amiloidi na tau, ni ipi inayoileta nyingine? Panya hawakutoa jibu zuri, maana waliokuwa na amiloidi hawakupata nyuzi za tau kama za binadamu. Mwaka 2014 watafiti wa Boston wakaotesha seli za neva za binadamu, zenye hitilafu za jeni za Alzheimer ya kurithi, ndani ya rojorojo zito badala ya maji, ili kile seli inachotoa kibaki karibu yake kama kinavyobaki ubongoni. Utando wa amiloidi ukaonekana, na nyuzi za tau zikafuata katika kisahani hichohicho. Walipozuia amiloidi isitengenezwe, na tau ikapungua. Ubishi haukuisha siku hiyo, lakini kwa mara ya kwanza vitu vyote viwili alivyoviona Alzheimer vilitokea mbele ya macho ya watu.

Mfano wa pili unatuhusu sisi zaidi. Kuna jeni iitwayo APOE. Wengi wetu tuna aina ya 3. Wenye aina ya 4 wana hatari kubwa zaidi ya kupata Alzheimer. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walichukua seli shina zenye aina ya 3 na kuzibadilisha kuwa aina ya 4 kwa mkasi wa jeni wa CRISPR, bila kugusa kitu kingine. Seli za neva zikatoa amiloidi mbaya zaidi, seli zinazozihudumia zikajaa kolesteroli, na seli za usafi za ubongo zikawa wavivu wa kuzoa taka. Badiliko dogo la jeni moja, seli za aina tatu, na kila moja imeharibika kwa namna yake.

Lakini sasa tazama. Utafiti mkubwa uliolinganisha Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis ulikuta kwamba Alzheimer iliwapata Wayoruba kwa kiasi cha 1.15 kwa kila watu 100 kwa mwaka, na wale wa Indianapolis 2.52. Na kwa Wayoruba ile APOE ya aina ya 4 haikuwa na ukali uleule unaoonekana kwa Wazungu. Kwa nini? Huenda vinasaba vinavyoizunguka jeni hiyo kwa watu wa asili ya Afrika vinaipunguzia nguvu. Hilo ni swali la kujibiwa kwa seli, na seli nyingi zilizopo kwenye majokofu ya dunia zimetoka kwa watu wa asili ya Ulaya. Jambo hili linaniuma. Ugonjwa upo kwetu: utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta kati ya wazee wa miaka 70 na kuendelea, kadiri ya 6 katika 100 wana demensia, yaani kupotewa na kumbukumbu na akili, ambayo Alzheimer ni aina yake mojawapo. Damu yetu, ikitolewa kwa ridhaa na ikabaki chini ya usimamizi wa watafiti wetu, ingeweza kuifundisha dunia jambo ambalo hakuna pengine pa kulipata.

Seli hizi hutumika pia kupima dawa ambazo tayari zipo madukani. Kyoto walizipima dawa kwenye seli za neva za wagonjwa wenye Alzheimer ya kurithi, wakaichagua bromocriptine, ambayo kawaida hutumika kwa Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka) na matatizo ya homoni, na mwaka 2020 wakaanza kuijaribu kwa wagonjwa wachache. Kwa ugonjwa wa ALS, unaoua neva za misuli, Wajapani wamefanya vivyo hivyo na ropinirole. Ni majaribio madogo, na hakuna hata moja lililokwisha kuwa tiba.

Mapungufu yapo, tena makubwa. Ukiigeuza ngozi ya bibi wa miaka 80 kuwa seli shina, umeifuta miaka yote 80. Seli ya neva unayoipata ni changa kama ya mtoto aliye tumboni, na wewe unataka kuchunguza ugonjwa wa uzee. Baadhi ya watafiti sasa huigeuza ngozi moja kwa moja kuwa neva bila kupitia kwenye seli shina, na hapo dalili za uzee hubaki. Kuna pia punje za seli za ubongo zinazooteshwa maabara, ziitwazo oganoidi. Zilitokea Vienna mwaka 2013, zina ukubwa wa mbaazi na hazina mishipa ya damu, hivyo zikikua katikati yake hufa. Magazeti huziita ubongo mdogo. Sipendi jina hilo, linawapa watu matumaini yasiyo na msingi.

Sasa swali lako la moyoni. Kwa Parkinson, kurudisha seli kumeanza, kwa sababu wanaopotea zaidi ni seli za aina moja, mahali padogo panapojulikana, na kazi yao ni kutoa dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili. Kyoto walianza kuwapandikizia wagonjwa mwaka 2018. Matokeo ya wagonjwa 7 yaliyotangazwa mwaka 2025 yalionyesha seli ziliishi, zikatoa dopamini, wala hazikuleta uvimbe. Alzheimer si hivyo. Inakula seli za aina nyingi, sehemu nyingi, na inachokula kwanza ni maungano kati yao. Njia ya sokoni ya mama yako ilikaa kwenye maungano yaliyojengwa kwa miaka. Seli mpya ingeingia haijui soko wala jina lako, na ingekuta ugonjwa bado unaendelea palepale.

Hizo sindano za kliniki nyingi ni seli za mafuta au za uboho, zinazochomwa kwenye mshipa. Nyingi hukwama kwenye mapafu; haziendi kuwa neva. Wapo waliopata maambukizi na uvimbe kwa sindano kama hizo. Upandikizaji wa uboho kwa saratani ya damu na selimundu ni tiba ya kweli, na wauzaji hujificha nyuma ya sifa zake. Mamlaka za dawa za Marekani na Ulaya hazijaidhinisha tiba yoyote ya seli shina kwa Alzheimer. Na utafiti wa haki haumtozi mgonjwa pesa ya dawa inayojaribiwa kwake.

Kabla ya lolote, hakikisheni mama amepimwa vitu vinavyoweza kuuongezea nguvu usahaulifu na vinatibika: vitamini B12, tezi ya shingo, kaswende, VVU, presha, sukari, na usikivu wa masikio. Akikuita kwa jina la mama yako mkubwa, itika tu, usimbishie. Kisha chukueni karatasi moja mwandike kila dawa anayomeza, pamoja na zile za dukani za mafua na za usingizi, maana baadhi yake humvuruga mzee akili, mumpelekee daktari wake wiki hii.